Kunguru wa Mashine Namba Nne

Haya ninayoandika ni kweli, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Naapa kwa meno yangu saba yaliyobaki. Naapa kwa miaka ishirini na sita niliyokaa kiwandani bila kupoteza hata ukucha. Na kama kuna mtu Muthetheni nzima anayeweza kusema Josphat Ndunda ni mwongo, aje nyumbani anitafute. Nimestaafu, muda ninao.

Najua mnavyonisema. Ni mimi niliyesema punda wa Mutinda anasoma vibao vya barabarani na ndiyo maana hajawahi kupotea. Ni mimi niliyesema mwaka ule wa ukame mbuzi wetu walikuwa wepesi hata tukawa tunawafunga mawe wasipeperushwe. Sawa. Yale yalikuwa ya kuchangamsha baraza. Hili la kunguru ni lingine, na lina mtu ndani yake.

Kiwanda chetu kilikuwa Mavoko. Tulikuwa tunatengeneza mabeseni na makarai. Bamba la bati linawekwa bapa juu ya kalibu, kile chuma chenye umbo la karai, presi inashuka, bati linatoka likiwa karai. Mashine namba nne ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ikishuka, chai ndani ya kikombe chako inatetemeka hata ukiwa langoni kwa askari.

Mimi nilikuwa fundi wa mitambo. Sikusomea. Niliajiriwa kufagia, nikawa nafungua redio za watu na kuzifunga tena, siku moja mashine ikagoma na fundi mwenyewe hayupo, nikaifungua kama redio. Ikaamka. Tangu siku hiyo wakaniita fundi, na mimi sikuwakatalia.

Kisha ikaja sheria kwamba mashine kama ile lazima iwe na kizuizi cha mwanga. Sisi tuliita taa, ingawa haimuliki kitu. Ni nguzo ya rangi ya manjano yenye macho matatu upande mmoja wa presi, na upande wa pili ni ubao wenye rifleta, vile vioo vyekundu vya nyuma ya baisikeli. Macho yanatuma mwanga, rifleta inaurudisha. Mwanga ukirudi, mashine inajua njia ni nyeupe. Mkono ukipita katikati, mwanga haurudi, na presi inakwama hewani papo hapo, hata kama ilikuwa nusu ya safari.

Kijana aliyetoka Nairobi kuifunga alipima kwa futi mara tatu. Musili, msimamizi wetu, akamuuliza kwa nini asiisogeze karibu, inakula nafasi. Kijana akasema, "Mzee, mkono wa mtu uko na mbio kuliko unavyofikiria. Taa ikiwa karibu sana, mashine itasimama, lakini itasimama kama imeshafika." Akatuachia fimbo nyeusi ya unene wa kidole. Kila asubuhi kabla ya kazi, fundi apitishe ile fimbo mbele ya macho. Presi ikisimama, atie sahihi kwenye kitabu. Isiposimama, mashine isiguswe na mtu.

Aliyekuwa akifanya kazi kwenye namba nne ni Mutunga. Huyu alikuwa mtu wa Wamunyu, mchongaji, mwana wa mchongaji. Alikuja kiwandani wakati wanunuzi wa vinyago walipopungua, lakini mikono yake haikukubali kwamba imebadilisha kazi. Saa ya chakula, wengine wakilala juu ya makatoni, yeye anachonga. Vitana, vijiko, vya kusimamishia simu, vya kutundikia koti. Kiwanda kizima kilijaa vitu vya Mutunga. Na hakuna alichotoa mkononi bila kukipiga msasa na kukipaka rangi ya viatu mpaka king'ae. Ukimpa kijiti cha kuchokoa meno atakurudishia kikiwa na shingo ya twiga.

Basi. Taa ilikuwa nzuri, lakini kiwanda kilikuwa na vumbi, na presi ilitoa mvuke wa mafuta. Macho yakaingia ukungu. Taa ikaanza kuona mkono mahali pasipo na mkono. Presi inashuka, inakwama. Mutunga anabonyeza, inashuka, inakwama. Siku moja nilihesabu mara arobaini na moja kabla ya saa sita.

Musili akanijia. "Ndunda, hii taa yako imeingiwa na pepo."

"Si pepo, ni mafuta. Nipe nusu siku nifungue, nioshe, nibadilishe kioo."

"Nusu siku natoa wapi? Meneja anataka makarai Ijumaa. Wewe ni fundi ama ni daktari wa macho?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka.

Hapo ndipo anapoingia kunguru. Mavoko kuna kunguru wengi, na kunguru anapenda kitu kinachong'aa kuliko bibi harusi. Huyu mmoja, mwenye shingo nyeupe, alikuwa ameng'oa rifleta kwenye baisikeli ya askari wa lango. Nilimwona kwa macho yangu mawili. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Aliingia kwa dirisha la juu, akazunguka mara mbili, akatua kwenye namba nne. Pale palikuwa na kishikio cha mti, kazi ya Mutunga, nani alikiweka pale sijui. Kunguru akaichomeka rifleta kwenye kishikio, mbele kabisa ya yale macho matatu, vidole vinne hivi, kama mtu anayeficha akiba yake. Akasema kwaa, akaenda zake.

Mnaelewa alichofanya? Mwanga sasa ulikuwa unagonga rifleta ya kunguru na kurudi, haufiki hata karibu na kalibu. Mashine ikaona njia ni nyeupe siku nzima. Haikukwama tena. Siku kumi na moja, Jumapili ya ovataimu ikiwemo, haikukwama hata mara moja. Makarai yalitoka kama mvua. Musili alinipiga begani akasema, "Sasa wewe ni fundi."

Siku ya kumi na moja ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa mgongo nimeugeuza, natia grisi kwenye namba mbili. Presi ikishuka juu ya bati ina sauti yake, unaizoea mpaka huisikii. Ile asubuhi ikatoa sauti ndogo. Hicho ndicho kilichonigeuza, kwamba ilikuwa ndogo. Mutunga alikuwa amesimama wima, hajalia, hajapiga kelele. Bati lilikuwa limekaa upande, naye akanyoosha mkono kulisawazisha, kama alivyofanya mara elfu, kwa sababu siku zote taa ingemsimamishia presi. Aliniangalia. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza chumvi, "Fundi, si kuna taa?"

Vidole vinne vya mkono wa kulia. Kilibaki kidole gumba.

Wakaja watu wa kampuni kuchunguza. Wakapiga picha. Kwenye picha kinaonekana kishikio kile, mti wa mukau, laini, kinang'aa kwa rangi ya viatu. Wakaipeleka ile picha hospitalini, wakamwekea Mutunga kwenye shuka. "Hii kazi ni ya nani?" Mutunga akaangalia, dawa zimemlevya, akasema, "Huo ni mkono wangu." Alimaanisha uchongaji. Mchongaji huwezi kumwonyesha kazi yake akaikana. Wao wakaandika alivyosema.

Barua ikatoka: mfanyakazi mwenyewe, asubuhi ya ajali, alikifunga kile kishikio ili kuifumba taa afanye kazi haraka. Kosa ni lake. Faili likafungwa. Miezi minne baada ya ajali nikastaafu, nikapewa blanketi na thamosi, na Musili akatoa hotuba.

Mimi niliyejua kuhusu kunguru nilianza kumsema. Niliwaambia watu sokoni Muthetheni: si Mutunga, ni kunguru. Nilimwambia kinyozi. Nilimwambia katekista. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wakasema, "Mzee, rudia hapo anapozunguka mara mbili." Nami nikarudia. Kila nikirudia naongeza kidogo, saa, dakika, rangi ya shingo, ili isimame vizuri. Nilidhani namtetea.

Ikapita miaka mitatu. Mwaka huu mwezi wa pili nikakutana na Makau, yule wa bodaboda anayebeba watu wa Wamunyu. Akaniambia Mutunga hatoki nyumbani siku hizi isipokuwa kwenda karakana ya kaka yake, na huko hachongi, anapiga msasa vinyago vya wengine kama mtoto aliyetoka shule. Na kwamba watu wamempa jina. Wanamwita Mjikata.

Nilitembea na jina hilo wiki nzima. Nikamwambia Makau anipeleke. Wengine wakienda kumwona mgonjwa hubeba sukari. Mimi nilibeba kunguru wangu.

Karakana ni banda la mabati, chini ni mavumbi ya mti mpaka kwenye kifundo cha mguu. Wachongaji sita wamekaa chini, tezo zinapanda na kushuka. Mutunga alikuwa pembeni, twiga wa mtu mwingine amembana kwa magoti, msasa mkono wa kushoto. Mke wake Munyiva alikuwa karibu naye anapaka rangi ya viatu kwenye vijiko. Mutunga alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu.

"Wakya ata, fundi?" akanisalimia.

"Nesa," nikasema. Akanipa mkono wa kushoto. Sikujua nimpe upi wangu.

Nikakaa. Nikaanza. Nilisimulia kama sijawahi kusimulia. Kunguru akaingia kwa dirisha, nikanyanyua mabega yangu mawili yakawa mabawa. Tezo zikasimama. Wachongaji wakacheka, mmoja akajifuta macho. Mutunga naye akatabasamu, Mungu wangu, akatabasamu, na mimi nikaona nimefanya kazi njema, nikamimina zaidi: Jumatatu, saa mbili na dakika kumi, vidole vinne mbele ya macho, siku kumi na moja bila kukwama.

Munyiva hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Baba Mutheu," akaniita kwa jina la binti yangu, "hebu rudia hapo."

"Wapi, mwaitu, mama yangu? Pale alipong'oa ya askari?"

"Hapana. Hapo pa siku."

"Siku kumi na moja," nikasema. "Jumatatu mpaka Alhamisi ya wiki iliyofuata."

"Jumatatu hadi Jumatatu ni nane. Mpaka Alhamisi ni kumi na moja. Hesabu yako ni sawa." Akajifuta vidole kwenye kanga, polepole, kimoja kimoja. "Barua inasema asubuhi ile ile ya ajali. Naijua kwa kichwa, nimeisoma mpaka mikunjo imetoboka. Wewe umejuaje ni siku kumi na moja?"

"Si nilimwona kunguru."

"Ulimwona akiziba taa, na wewe ndiye fundi."

Nikasema kunguru alikuwa na mbio.

"Na zile asubuhi zingine kumi? Mutunga aliniambia kuna fimbo. Fundi anapitisha fimbo kila asubuhi, mashine isiposimama haiguswi. Uliipitisha fimbo, Baba Mutheu?"

Mmoja wa wachongaji akasema, "Aiya, mama, mwache mzee, ni hadithi tu."

"Ni hadithi kwako," Munyiva akasema. "Kwangu ni mkono. Uliipitisha?"

Nilifungua mdomo. Nina uongo wa kila saizi, mnanijua. Ningeweza kusema kunguru aliiba na fimbo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini Mutunga alikuwa ameacha kutabasamu, ananiangalia kama alivyoniangalia siku ile karibu na presi.

"Fundi," akasema. "Kile kishikio. Uliniambia ni cha redio."

Nilichota mavumbi ya mti kwa mkono, nikayamwaga.

"Uliniletea kipimo kwenye karatasi ya sigara. Ukasema redio yako inaanguka dirishani. Nikakuuliza, kwa nini inataka matundu mawili ya skrubu upande mmoja. Ukasema ni redio ya kizungu." Alisema taratibu, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu na anaogopa kamba. "Nilikuwa nimesahau. Nilichonga vitu vingi. Nilikuwa nimesahau kabisa."

"Nilisema ni cha redio," nikasema.

"Kwa hivyo si mimi."

Hakusema kwa hasira. Alirudia tena, akimgeukia mkewe: "Munyiva, kwa hivyo si mimi." Na hapo akainamisha kichwa juu ya yule twiga, mabega yakaanza kutikisika, na wachongaji wote wakaangalia chini.

Munyiva aliweka mkono mgongoni kwake, lakini alizungumza na mimi. "Miaka mitatu huyu mtu ananiuliza, kwani nilikifunga saa ngapi? Tuko shambani ananiuliza. Tuko kanisani ananiuliza. Hakumbuki kukifunga, na barua inasema alikifunga, na yeye mwenyewe alikubali kazi ni yake. Anafikiri ile mashine ilimla na akili pia. Ameanza kuniambia nisimwachie jiko, asije akaichoma nyumba na asikumbuke. Na wewe uko Muthetheni unapigapiga mabawa."

Basi, hakuna kunguru. Kunguru walikuwepo Mavoko, lakini hakuna aliyeshika bisibisi. Rifleta niliing'oa mimi kwenye baisikeli ya askari, nikaifunga mimi kwa skrubu mbili, Jumatatu saa mbili na dakika kumi, ile saa ni ya kweli. Nilipanga iwe mpaka Ijumaa tu, makarai yatoke, kisha nioshe macho. Ijumaa ikapita na hakuna aliyelalamika, na nilipenda kuitwa fundi. Kila asubuhi nilitia sahihi kwenye kitabu, na ile fimbo ilikuwa imelala kwenye droo. Zile sahihi kumi na moja ni zangu, zimeandikwa vizuri, nilikuwa najivunia mwandiko. Walipokuja kuchunguza nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu, na hakuna aliyeniuliza. Waliona mti unang'aa, wakamtafuta anayeng'arisha miti.

Niliyasema haya pale pale, nimekaa kwenye mavumbi. Nilipomaliza, kaka yake Mutunga alisimama na tezo mkononi, nikafikiri, sawa. Lakini alitoka nje tu, akaenda kukaa juu ya mkokoteni wa punda, ametupa mgongo.

Kesho yake Munyiva alinipeleka Machakos kama unavyompeleka mbuzi, yeye mbele mimi nyuma. Katika afisi ya usalama kazini tulimkuta mama mmoja wa miwani. Aliandika kila nilichosema kwa mkono wake. Katikati aliweka kalamu chini.

"Mzee, unaelewa kwamba haya maneno yanaweza kukurudia? Yanaweza kufika kortini."

"Naelewa."

"Kuna mtu amekulazimisha?"

Nikamwangalia Munyiva. Munyiva akaangalia dirisha. "Hapana," nikasema. "Nimechelewa tu."

Nikatia sahihi. Safari hii sikuutazama mwandiko. Yule mama alisema atalifungua faili na ataagiza kile kitabu cha sahihi cha kiwanda kiletwe, kama bado kipo. Hakutuahidi zaidi ya hapo, na Munyiva hakumwomba zaidi. Aliomba jambo moja tu: nakala yenye muhuri. Jumapili iliyofuata ilisomwa kanisani Wamunyu baada ya matangazo ya harusi, na niliyeisoma ni mimi. Hakuna aliyecheka. Sikuwahi kusimama mbele ya watu wengi hivyo wakanyamaza.

Baada ya ibada nilimfuata Mutunga nje. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nikasema, "Ndugu yangu, niambie nikulipe nini."

Watu walikuwa wanampita, wanamshika bega, wengine kwa mara ya kwanza tangu barua ile.

"Tezo naweza kuishika na kushoto," akasema. "Nimejaribu. Lakini mti unazunguka. Nataka mtu wa kunishikia mti, na kila mtu pale ana kazi yake."

"Siku gani?"

"Siku zote."

Kwa hiyo sasa, mkinitafuta Muthetheni msinipate, mjue niko Wamunyu. Makau ananichukua saa moja asubuhi. Nakaa chini, naushika mti wa mukau kwa mikono miwili, na Mutunga anakaa mbele yangu na tezo kwenye mkono ambao bado haujajua kazi. Mara nyingi anakosa. Inashuka karibu na vidole vyangu, wakati mwingine inachukua ngozi. Nina plasta tatu leo ninapoandika. Hatuongei sana. Hajaniambia amenisamehe na mimi sijamuuliza.

Wiki ya kwanza nilikuwa naitoa mikono kila anapoinua tezo, na mti ukawa unazunguka, kinyago kikaharibika. Kifaru kikatoka hakina pembe. Mutunga alikiangalia, akakiweka kando, akachukua mti mwingine.

"Shika," akasema. "Usitoe."

Nikashika.